Shekhar Mehta: aliyefukuzwa Kampala, akashinda Safari Rally mara tano

Dereva wa lori anayebeba mzigo wa Goma kutoka bandari ya Mombasa hupita Nairobi, hupita Kampala na Mbarara, kisha hupanda milima ya Kisoro hadi kufika Bunagana. Ni njia ya kilomita zipatazo 1,700, na kila mfanyabiashara wa mji huu anajua maana yake, kwa sababu bei ya unga, ya mafuta na ya mabati inategemea njia hiyo.

Miaka mingi iliyopita, kila ilipofika Pasaka, barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipitwa na magari ya namna nyingine. Yalikuwa magari madogo ya kawaida yaliyoimarishwa kwa vyuma, yenye namba kwenye milango na taa nyingi mbele, yakikimbia mchana na usiku katika vumbi na matope. Mashindano hayo yaliitwa Safari. Mtu aliyeyashinda mara tano wakati yalipokuwa yakihesabiwa katika ubingwa wa dunia alikuwa mzaliwa wa Kampala, ingawa ushindi wake wote aliupata baada ya Kampala kumfukuza.

Jina lake kamili ni Chandrashekhar Mehta, lakini dunia ya mbio za magari ilimjua kama Shekhar. Alizaliwa tarehe 20 Juni 1945, katika familia ya Wahindi waliokuwa wamiliki wa mashamba nchini Uganda. Hakuwa mtoto wa maskini, na hakuna haja ya kulificha hilo. Mbio za magari zilikuwa, na bado ni, mchezo wa wenye uwezo: gari lazima linunuliwe, litengenezwe, livunjike, kisha litengenezwe tena. Mehta alianza kushindana akiwa na umri wa miaka 21, akiendesha BMW. Vijana wengi wa familia za aina hiyo walianza hivyo hivyo na wakaacha baada ya miaka miwili mitatu, pesa zilipopungua au ndoa ilipokaribia. Yeye aliendelea kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mashindano ya kutafuta gari lisilokufa

Ili kuelewa alichokifanya Mehta, inabidi kwanza kuyaelewa mashindano yenyewe, kwa kuwa Safari ya wakati huo ilikuwa tofauti sana na mbio zinazoonekana leo kwenye televisheni.

Yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, wakati Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1960 yalipewa jina la East African Safari. Washindani walikimbia kilomita zipatazo 5,000 kwa siku chache tu, karibu mara tatu ya ule mwendo wa lori kutoka Mombasa hadi Goma. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano aliweza kukutana na basi kwenye kona, au ng'ombe, au mama mwenye mzigo wa kuni, au lori lililokwama katikati ya njia.

Hesabu ya mshindi ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza. Njiani kulikuwa na vituo vya kukagua muda. Kila gari lilipangiwa saa ya kufika kituoni, na kila dakika ya kuchelewa iliongeza alama ya adhabu. Mwishoni, mwenye alama chache kuliko wengine ndiye aliyeshinda. Muda uliopangwa mara nyingi ulikuwa mfupi kiasi kwamba hata madereva bora walichelewa, kwa hiyo lililobaki ni nani angechelewa kidogo zaidi.

Juu ya hayo, Pasaka huangukia msimu wa mvua za masika. Mahali palipokuwa na vumbi asubuhi pangeweza kuwa bwawa la tope jioni. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 hadithi ikajirudia: saba tena, kati ya magari zaidi ya tisini yaliyoanza. Yeyote aliyewahi kukaa siku mbili Kanyabayonga akisubiri malori yatolewe kwenye tope atakuwa na picha ya jambo lenyewe.

Ndiyo maana kwa miaka karibu ishirini ya mwanzo hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda. Makampuni ya Ulaya yalileta mabingwa wake, nao walikimbia kwa kasi kubwa, wakavunja springi na ekseli, wakapanda ndege kurudi kwao. Wenyeji walijua kwamba gari linalofika likiwa zima linalishinda gari la kasi lililokufa porini. Joginder Singh, Singasinga mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant ndani ya Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Mzungu wa kwanza kutoka nje kuvunja mwiko huo alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, kwa gari la Ford Escort.

Mehta alikwisha kugusa mlango wa ushindi mwaka mmoja kabla ya hapo. Mwaka 1971, akiwa na mwelekezi wake Mike Doughty ndani ya Datsun 240Z, alimaliza wa pili nyuma ya Edgar Herrmann wa Nairobi, aliyekuwa na gari kama lake. Wajapani wa Datsun walikuwa wamegundua jambo ambalo wengine walichelewa kuliona: ukitaka kumuuzia Mwafrika gari, mwonyeshe kwamba limemaliza Safari. Kwa hiyo walimhitaji dereva anayelifikisha gari, na hapo Kampala walikuwa wamempata kijana wa miaka 25.

Siku tisini za Amin

Idi Amin alikuwa amechukua madaraka kwa nguvu mwezi Januari 1971. Mwezi Agosti 1972 alitangaza kwamba Waasia wa Uganda lazima waondoke, akawapa siku 90. Mwanzoni ilisemekana amri inawahusu wenye pasipoti za Uingereza na za nchi nyingine za nje, lakini siku zilivyopita hata waliokuwa raia wa Uganda walijikuta wakinyang'anywa karatasi zao. Muda ulikwisha tarehe 8 Novemba 1972. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, wengi kwa ndege kutoka Entebbe, wengine kwa treni hadi Mombasa wakatafute meli. Waliruhusiwa kuchukua pesa kidogo mno. Maduka, viwanda, mashamba na nyumba vilibaki nyuma, vikagawiwa wanajeshi na marafiki wa utawala.

Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa walioondoka. Shekhar alihamia Kenya.

Leo ni rahisi kusimulia hatua hiyo kana kwamba Nairobi ilimpokea kwa mikono miwili. Hali haikuwa hivyo. Serikali za Kenya na Tanzania zilisema wazi kwamba haziko tayari kuwapokea Waasia wa Uganda kwa wingi. Kenya yenyewe, miaka minne tu nyuma, ilikuwa imeshuhudia maelfu ya Waasia wake wakiondoka kwenda Uingereza, baada ya sheria mpya za leseni za biashara na vibali vya kazi kuwabana. Mtu mwenye jina la Kihindi aliyefika Nairobi mwishoni mwa 1972 alifika mahali ambapo wenzake walikuwa wakijiuliza kama zamu yao inakuja. Mehta alikuwa na bahati ambayo wakimbizi wengi hawana: alikuwa na kazi aliyoijua vizuri kuliko karibu kila mtu, na kazi hiyo ilikuwa ikipendwa na Wakenya wa kila rangi.

Wasomaji wa Goma wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba jambo linalofanana na hilo lilifika upande wetu mwaka uliofuata. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuzairisha uchumi, na mashamba na maduka ya wageni, yakiwemo ya Wagiriki, Wareno, Wabelgiji na Waasia waliokuwa Kivu, yakapewa wananchi waliokuwa karibu na chama. Namna ilikuwa tofauti, lakini matokeo sokoni yalilingana: rafu tupu, mashamba yaliyorudi kuwa vichaka, na wafanyakazi waliobaki bila mshahara.

Pasaka ya 1973

Miezi mitano na siku chache baada ya siku ya mwisho ya Amin, magari yalipanga mstari tena kwa ajili ya Safari. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza wa mashindano rasmi ya rally ya dunia, yaliyohesabu pointi za makampuni ya magari, na Safari ilikuwa mojawapo ya mashindano yaliyoingizwa humo. Uganda, ambako zamani magari yalipita, haikuwa tena mahali pa kupeleka wageni.

Mehta alikuwa na Datsun 240Z, gari la milango miwili lenye injini ya silinda sita na pua ndefu, ambalo kwa macho ya mtu wa kawaida lilifaa zaidi barabara ya lami ya ufukweni kuliko matope ya Mlima Kenya. Mwelekezi wake safari hii alikuwa Lofty Drews. Mpinzani wake mkubwa alitoka ndani ya timu ile ile: Harry Källström wa Sweden, bingwa aliyezoea theluji na misitu, akiendesha Datsun ya aina nyingine.

Baada ya siku zote hizo na maelfu ya kilomita, hesabu zilipofanywa, Mehta na Källström walikuwa na alama za adhabu sawa kabisa. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kutokea kileleni mwa Safari. Kanuni zilikuwa na jibu: walipolingana, aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata alama yake ya kwanza ya adhabu ndiye mshindi. Aliyekuwa hivyo ni Mehta.

Ushindi wa aina hiyo unaweza kuonekana kama wa karatasi. Lakini kanuni yenyewe ilipima kitu halisi, yaani nani alifika kwenye vituo vya mwanzo kwa wakati huku gari likiwa bado bichi na safari yote iko mbele. Kijana aliyekuwa amepoteza nchi mwaka uliotangulia alitajwa mshindi wa mashindano makubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, akiwa na umri wa miaka 27.

Miaka mitano iliyofuata haikuwa na ushindi. Safari sasa ilibaki ndani ya mipaka ya Kenya, na washindi walibadilika: Joginder Singh mara mbili, mwaka 1974 na 1976, kwa Mitsubishi Lancer, Ove Andersson mwaka 1975 kwa Peugeot 504, Björn Waldegård mwaka 1977 kwa Ford, Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 kwa Peugeot. Wageni walikuwa wamejifunza. Walikuja miezi kabla, wakapita kila barabara, wakaandika kila kona na kila korongo kwenye madaftari yao, wakaleta mafundi wengi na ndege za kuwaongoza kutoka juu. Ile faida ya mwenyeji ilikuwa ikiyeyuka. Mtu angeweza kudhani wakati wa akina Mehta umepita.

Minne mfululizo

Mwaka 1979 kampuni ya Mercedes ilileta magari makubwa ya 450 SLC yenye injini ya lita tano, na Mikkola akiwa mmoja wa madereva wake. Datsun ilijibu kwa kigari cha kawaida kabisa, 160J, cha aina ya Violet, ambacho mfanyakazi wa ofisi angeweza kukitumia kwenda kazini. Mehta alirudi kwa mwelekezi wake wa zamani, Mike Doughty. Alishinda, na Mikkola akawa wa pili.

Mwaka 1980 alishinda tena kwa 160J. Mwaka 1981 alishinda kwa Violet GT. Mara zote hizo mbili aliyemfuata alikuwa mwenzake wa timu, Rauno Aaltonen wa Finland, mmoja wa madereva mashuhuri wa Ulaya, aliyekuja Kenya mwaka baada ya mwaka na kumaliza wa pili mara nyingi bila kushinda hata mara moja. Kuwepo kwa Aaltonen kunasaidia kumpima Mehta kwa haki. Gari lilikuwa la aina moja, mafundi walikuwa wa timu moja, vipuri vilitoka kwenye maboksi yale yale. Tofauti iliyobaki ilikuwa kati ya usukani na kiti.

Mwaka 1982, gari likiwa sasa linaitwa Nissan kwa kuwa kampuni ilikuwa ikiliacha jina la Datsun, alishinda mara ya nne mfululizo na ya tano kwa jumla. Safari hii aliyekuwa nyuma yake alikuwa Walter Röhrl wa Ujerumani, katika Opel Ascona, ambaye mwaka huo huo alitwaa ubingwa wa dunia.

Hakuna dereva mwingine aliyeshinda Safari mara nne mfululizo. Wapo waliosema kwamba alikuwa na bahati ya kuwa na gari gumu, na ni kweli Violet lilikuwa gumu. Lakini katika mashindano ambayo jiwe moja lililojificha kwenye dimbwi linatosha kumaliza kila kitu, bahati inaweza kueleza mwaka mmoja, pengine miwili. Miaka minne ni lazima iwe kazi ya mtu anayejua lini aondoe mguu kwenye mafuta. Katika Safari, dereva aliyepunguza mwendo kwenye korongo lisilojulikana alipoteza sekunde. Aliyelirukia alipoteza saa nzima akibadilisha sehemu za mbele za gari kando ya njia.

Nje ya Kenya alikimbia pia, na mwaka 1981 alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva, nafasi kubwa kwa mtu aliyetoka katika nchi isiyotengeneza gari hata moja. Nyumbani, mkewe Yvonne Pratt alikuwa mtu wa mchezo huo huo. Alikuwa dereva wa rally, na alipanda pia kiti cha mwelekezi pembeni ya mumewe.

Pengine hakuna aliyejua mwaka 1982 kwamba mlango ulikuwa ukifungwa. Mwaka 1983 Audi walifika Kenya na Quattro, gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Hawakushinda mara hiyo. Alishinda Ari Vatanen kwa Opel. Lakini nafasi ya pili na ya tatu zilichukuliwa na Audi za Mikkola na Michèle Mouton, mwanamke wa Ufaransa aliyekuwa akiwatoa jasho wanaume dunia nzima. Magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee yalikuwa yanazeeka. Mehta aliendelea na Nissan, kisha akajiunga na Peugeot, timu iliyokuwa na magari yenye nguvu za kutisha, naye akayaendesha Kenya na baadaye katika mashindano ya jangwani.

Huko jangwani ndiko mwendo wake uliishia. Mwaka 1987, katika Rally ya Mafarao nchini Misri, gari lake la Peugeot lilipata ajali mbaya. Aliumia vibaya sana, na hakurudi tena kwenye mashindano kama dereva. Alikuwa na miaka 42.

Wengi wa rika lake, baada ya hapo, walibaki wakisimulia habari za zamani vilabuni. Mehta alikwenda upande wa pili wa meza na kuwa kiongozi katika shirikisho la kimataifa la magari, FIA, ambako aliongoza tume ya rally. Katika mchezo ambao maamuzi yake karibu yote yalifanywa na watu wa Ulaya, mwenyekiti huyo alikuwa mtu aliyekulia Kampala na kuishi Nairobi. Aliishi pia kuona siku ya huzuni kwa mashabiki wa Kenya: baada ya mwaka 2002, Safari iliondolewa katika ubingwa wa dunia, sababu zikiwa fedha na maandalizi. Ilirudi mwaka 2021, yeye akiwa hayupo tena.

Shekhar Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Rekodi yake imefikiwa kwa hesabu na Mkenya Carl Tundo, aliyefikisha ushindi wa tano mwaka 2018, katika miaka ambayo Safari haikuwa ya ubingwa wa dunia. Waldegård aliishia na minne, Joginder Singh na mitatu. Ile minne mfululizo bado ni ya Mehta peke yake. Utawala uliomfukuza ulianguka Aprili 1979, wiki ile ile ya Pasaka aliyoshinda Safari kwa mara ya pili, na miaka mingi baadaye Uganda ilianza kuwarudishia Waasia baadhi ya mali zao. Kwenye orodha ya washindi, mbele ya jina la mtoto huyo wa Kampala, mara zote tano kumeandikwa Kenya.